Bahasha Isiyorudi: Barua ya Wazi kwa Wazee wa Kanisa

Kwa wazee wa kanisa, mijini na vijijini,

 

Jumapili mchana, ibada ya pili ikiwa imekwisha na mnada wa mavuno ukiendelea nje, jogoo mmoja akipandishwa bei hadi watu wanacheka, ndani ya ofisi ya usharika kuna kazi nyingine. Wazee wa zamu wameizunguka meza. Bahasha zinachanwa moja moja, fedha inahesabiwa, namba iliyoandikwa juu ya bahasha inatajwa kwa sauti na mwenzao anaijaza daftarini: namba 214, elfu tano, namba 87, elfu mbili, namba 340, elfu kumi. Mwisho wa mwezi baraza la wazee linasomewa jumla, jumla inalinganishwa na ahadi za mwaka, na mjadala wa mapato unachukua kikao kizima.

Mtaani hakuna ofisi nyingine yenye kumbukumbu kama hiyo. Serikali ya mtaa humjua mtu anapohitaji barua ya utambulisho, na zahanati humjua akiugua. Daftari la bahasha humfuata wiki kwa wiki, mwaka mzima, na mara nyingi ndilo la kwanza kujua kwamba mambo yake yameharibika. Aliyekuwa akitoa elfu tano kila Jumapili anashuka hadi elfu moja, kisha mia tano, kisha namba yake inakaa wazi. Wiki ya kwanza, ya pili, ya sita. Barua hii ina ombi moja kuhusu nafasi hiyo iliyo wazi: wazee waisome kama habari za mtu kabla hawajaisoma kama deni.

Kwa sasa, tusidanganyane, inasomwa kama deni. Matangazo ya Jumapili yanawakumbusha waliochelewesha ahadi, kisha kuanzia Oktoba orodha inashushwa kwenye jumuiya na wazee wa mitaa wanaanza kupita nyumba kwa nyumba. Msharika akimwona mzee wake mlangoni mwezi Novemba anajua kilichomleta kabla hajabisha hodi. Kuna nyumba ambazo mtoto hutumwa aseme mama katoka, na mama yuko chumbani amekaa kimya hata redio ameizima.

Na nafasi hiyo iliyo wazi inaweza kuwa na mambo mengi nyuma yake. Chukua mfano wa mama mwenye kibanda cha chakula aliyeingia kwenye mikopo ambayo mitaani inaitwa kausha damu. Marejesho ni ya kila siku au kila wiki, mvua ikinyesha siku mbili biashara imelala, na akishindwa kulipa, wakopeshaji wanakuja na kubeba friji, kochi na mtungi wa gesi huku majirani wakitazama. Jumapili inayofuata mama huyo haji kanisani. Wanaomdai wako kanisani, aliyemdhamini anaimba naye kwaya moja, na bahasha hana cha kuweka ndani. Usharika unachokiona ni kwamba namba yake haijarudi. Mwingine kaachishwa kazi na bado hajamwambia mkewe. Mwingine anauguza. Mwingine kahamia kwenye kanisa la jirani lenye spika kubwa, na huyo naye anastahili kupigiwa simu, hata kama ni kwa kumtakia heri tu.

Mwaka 1541 mji wa Geneva ulipitisha kanuni za kanisa zilizoandaliwa na John Calvin. Humo waliwekwa wazee 12 waliochaguliwa kutoka katika mabaraza ya mji, wakatakiwa watoke sehemu mbalimbali ili kila kona iwe na mtu wa kuiangalia. Sifa iliyobaki ya wazee hao si nzuri sana. Baraza lao lilikutana kila Alhamisi, na walioitwa mbele yake waliitwa kwa kutukana, kucheza dansi, au kugombana na wake na waume zao. Lakini kanuni zilezile zilikuwa na kipengele ambacho hakitajwi mara nyingi: mtu asilale kitandani mgonjwa siku tatu nzima bila mchungaji kupewa taarifa. Siku tatu, katika mji usio na simu wala bodaboda.

Waraka wa Yakobo, sura ya tano, unamwelekeza mgonjwa awaite wazee wa kanisa wamwombee. Kwa hali ilivyo mijini, anayesubiri kuitwa atasubiri sana. Mgonjwa wa siku hizi anaona haya, au simu yake haina salio, au anadhani ataonekana anaomba msaada. Usharika unaotaka kanuni ya aina ya Geneva hauhitaji kamati. Unahitaji kukubaliana kwamba namba ikikaa wazi Jumapili tatu, mhasibu anampa jina mzee wa mtaa, na mzee anapiga simu. Simu isipopokelewa, anakwenda. Na anapokwenda asiende na kitabu cha ahadi kwapani. Safari ya kudai na safari ya kujulia hali zitenganishwe kabisa, ikibidi zifanywe na watu tofauti, maana mwenye nyumba hawezi kumfungulia moyo mtu ambaye mwezi uliopita alimfungulia risiti.

Ziara yenyewe ina adabu zake, na wazee wengi wanazijua kuliko mwandishi yeyote. Ujumbe wa watu sita waliovaa suti huitisha nyumba. Wawili wanatosha, na mmoja wao awe mwanamke kama mwenyeji ni mwanamke. Ujumbe mfupi utangulie: tunapita kesho saa kumi na moja jioni, usihangaike na chochote. Maneno hayo ya mwisho yana kazi. Familia isiyo na sukari itakopa dukani ili wageni wa kanisa wanywe soda, na wageni wataondoka wakisifu ukarimu. Akikaribishwa kwenye mkeka, mzee akae kwenye mkeka. Aulize habari za watoto, habari za kazi, kisha anyamaze. Ukimya wa dakika mbili tatu humfanya mtu aseme lile alilokuwa ameamua kutolisema.

Halafu inakuja sala ya kufunga, ambayo ndiyo huharibu ziara nyingi. Mzee aliyesikiliza vizuri kwa nusu saa anasimama na kumweleza Mungu kila alichosikia, kwa sauti inayovuka ukuta wa chumba cha jirani. Wiki inayofuata, kwenye jumuiya, linatolewa ombi la kumkumbuka mwenzetu wa ile nyumba yenye geti la kijani anayepitia magumu na mume wake. Hakuna aliyetaja jina, na hakuna asiyelijua. Mwenye geti la kijani hatamweleza mtu tena. Mungu, kwa bahati nzuri, hana haja ya kupewa maelezo marefu hivyo, na sala ya sentensi nne inamfikia.

Kuna watakaosema kazi ni kubwa na muda hakuna. Hesabu yake si ngumu. Mzee mwenye kaya 60 akitembelea kaya mbili kila wiki anazimaliza kwa wiki 30, na mwaka unabaki na nafasi ya kurudia zenye shida. Akipewa kaya 150, itamchukua wiki 75, karibu mwaka mmoja na nusu, na hapo kinachokosekana ni wazee zaidi, bidii yake haina kosa. Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 18, Yethro alimkuta mkwewe Musa akisikiliza watu kutwa nzima, akamshauri agawe kazi hadi ngazi ya viongozi wa watu kumi kumi. Watanzania waliokua enzi za balozi wa nyumba kumi hawahitaji kufundishwa jambo hilo. Balozi alijua nani kaja na mgeni, nani kajifungua na nyumba ipi haijapika jana.

Suala la nani anakaa kwenye baraza ni zito zaidi. Matendo ya Mitume, sura ya sita, inaeleza kwamba ugomvi mmoja wa mwanzo kabisa katika kanisa la Yerusalemu ulitokana na mgawo wa chakula: wajane waliokuwa wakizungumza Kiyunani walikuwa wanasahauliwa. Mitume hawakuwahubiria walalamikaji wawe na subira. Waliagiza wachaguliwe watu saba wa kusimamia huduma hiyo, na ukiyasoma majina ya wale saba, Stefano, Filipo, Prokoro na wenzao, yote ni ya Kiyunani. Kazi ilikabidhiwa kwa watu wa upande uliokuwa unasahauliwa.

Sasa litazamwe baraza la wazee la usharika wa kawaida wa mjini. Wengi ni wenye nyumba zao, wastaafu, walimu, watumishi wa serikali, wafanyabiashara waliotulia. Ni watu wema. Lakini mpangaji wa chumba kimoja, dada wa kazi za ndani anayeruhusiwa kutoka Jumapili moja kwa mwezi, kijana wa bodaboda anayelala saa tisa usiku na mlinzi anayeshinda na kukesha langoni hawana mtu wa kuwasemea pale. Jumuiya yenyewe hukutana saa kumi na mbili asubuhi au jioni ya katikati ya wiki, saa ambazo mlinzi yuko zamu. Kisha kwenye taarifa inaandikwa kwamba hahudhurii jumuiya.

Walutheri wa Kilimanjaro wana historia inayofaa kukumbukwa hapa. Mmisionari Bruno Gutmann wa Misheni ya Leipzig, aliyefanya kazi Old Moshi hadi mwaka 1938, aliamini kwamba usharika wa Wachaga ujengwe juu ya mahusiano waliyokuwa nayo tayari: ukoo, ujirani na rika. Wakosoaji wake walisema alikuwa anang'ang'ania desturi wakati kahawa na shule vilishaanza kuibadili jamii, na hawakukosea. Hata hivyo, Waingereza walipowaondoa wamisionari wa Kijerumani mwaka 1920, sharika za mlimani hazikufa. Walimu na wazee wenyeji waliendelea kufundisha na kuzika kwa miaka kadhaa kabla Wajerumani hawajaanza kurudi katikati ya miaka ya 1920. Walikuwa watu wanaofahamiana, na asiyeonekana Jumapili alikuwa na kihamba cha ukoo kinachojulikana na mjomba wa kuulizwa.

Mzee wa mtaa wa Kimara au Mbagala, jijini Dar es Salaam, hana faida hiyo. Jirani yake ni mpangaji aliyefika mwezi uliopita kutoka Singida, na baada ya miezi sita kodi ikipanda atahamia Chanika. Namba yake ya bahasha itabaki daftarini kama ya mtu aliyepotea. Kinachosaidia hapa ni kitu kidogo sana: barua ya kuhama iambatane na simu. Mzee wa anakotoka ampigie mzee wa anakokwenda na kumweleza kwamba kuna familia inakuja, mama ni mwimbaji, mtoto wa pili ana selimundu na hospitali anayotibiwa ni hii. Barua ya kuhama peke yake inasema tu kwamba hana deni.

Huko Kenya, mwaka 2020 uliwapa wazee wa kanisa somo ambalo hakuna semina ingeweza kulitoa. Ibada zilipofunguliwa tena mwezi Julai, baada ya kufungwa kwa sababu ya korona, masharti yalisema ibada isizidi watu 100 wala saa moja, na walio chini ya miaka 13 au zaidi ya miaka 58 wabaki nyumbani. Wazee wengi wa makanisa kama PCEA, AIC na Anglikana, waliokuwa wamezoea kusimama mlangoni na kuhesabu watu, wakajikuta wao ndio wasiohesabiwa. Waliobahatika walipigiwa simu na vijana wa kanisa. Wengine walikaa miezi wakipata habari za kanisa lao kwenye simu ya mjukuu.

Kipindi hichohicho kiliharakisha kitu kingine. Sadaka ilihamia kwenye M-Pesa, na Tanzania nako lipa namba zimebandikwa kwenye nguzo za makanisa. Ni jambo jema kwa usalama wa fedha. Lakini pale mezani, bahasha zilipokuwa zikichanwa, mzee mmoja angeweza kusema, hivi 214 yuko wapi siku hizi? Muamala unakwenda moja kwa moja kwenye simu ya mhasibu, na mhasibu anaona waliotuma. Asiyetuma haonekani popote. Sharika zinazoondoa bahasha zihakikishe kuna mtu mwingine ambaye kazi yake ni kuuliza swali lile.

Lipo eneo moja ambalo linawaumiza waumini kuliko yote, nalo ni msiba. Mtu anafariki, familia inakwenda kwa mchungaji, mchungaji anamuuliza mzee wa mtaa, na mzee anajibu kwamba marehemu hakuwa hai kanisani. Kwa hiyo hakuna kengele, hakuna kwaya, au mwinjilisti anatumwa aombe kidogo kisha aondoke kabla jeneza halijashushwa. Kanisa lina haki ya kuwa na taratibu zake, na kila mtu anaelewa kwamba ushiriki una maana. Lakini mzee anayetoa ushahidi huo aulizwe swali jingine: mara ya mwisho kumtembelea marehemu ilikuwa lini? Kama jibu ni kwamba hajawahi, basi taarifa yake kuhusu uhai wa marehemu haina uzito, maana aliyepotea alikuwa na wa kumtafuta. Nabii Ezekieli, sura ya 34, anawageukia wachungaji wa Israeli kwa hasira kwa sababu hiyohiyo: waliodhoofika hawakuwatia nguvu na waliopotea hawakuwatafuta.

Kutunza waumini kuna mipaka, na mpaka mmoja hauna mjadala. Mzee akigundua kwamba mtoto amebakwa au anapigwa na kuteswa nyumbani, jambo hilo limeshatoka mikononi mwa baraza. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mwanajamii yeyote mwenye taarifa za mtoto kukiukwa haki zake aziripoti kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo hilo. Polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto, na namba 116 hupigwa bure. Kikao cha kusuluhisha, ambapo mtuhumiwa anapiga magoti, anaombewa na familia mbili zinapeana mikono, humwacha mtoto katika nyumba ileile. Vivyo hivyo kwa mwanamke anayepigwa. Mzee anayemrudisha nyumbani akavumilie anachukua dhamana ambayo hataweza kuilipa. Kazi yake pale ni kumsindikiza kituoni, kumtafutia pa kulala, na kuendelea kumjulia hali wiki zinazofuata, pale minong'ono itakapomgeukia yeye aliyeshtaki.

Barua kwa wazee wa kanisa si jambo jipya. Katika karne ya pili, Polikarpo, askofu wa Smirna, mji ambao leo ni Izmir nchini Uturuki, aliwaandikia Wakristo wa Filipi na kutaja kazi za wazee: wawe na huruma, wawarudishe waliopotoka, wawatembelee wagonjwa wote, wasiwasahau mjane, yatima na maskini. Orodha hiyo ingebandikwa leo kwenye ubao wa matangazo wa usharika wowote bila kubadilishwa kitu. Lakini kinachoifanya barua ile iwe hai ni mtu mmoja anayetajwa mbele kidogo, Valens. Alikuwa mzee wa kanisa hukohuko Filipi, na aliharibikiwa pamoja na mkewe katika jambo linaloonekana kuwa la kupenda fedha. Polikarpo anasikitika waziwazi. Kisha anawaomba Wafilipi wasiwahesabu wawili hao kuwa maadui, ila wawarudishe kama viungo vilivyougua.

Akina Valens wapo hata sasa, na swali la nani anamtembelea mzee wa kanisa huulizwa mara chache. Mzee anatoka kazini saa kumi na mbili, anapita kwa mgonjwa, anaingia kikao cha ujenzi, anafika kwake saa nne usiku. Mke au mume wake amezoea kula peke yake. Wakati wa msiba yeye ndiye wa kwanza kuchangia hata mfuko ukiwa mtupu, kwa kuwa mzee hawezi kuonekana hana. Siku fedha za usharika zinapitia mikononi mwake na ada ya mtoto inadaiwa, hayupo wa kumwambia. Baraza liwe na zamu ya kutembeleana lenyewe, wawili wawili, na namba ya mzee ikikaa wazi Jumapili tatu naye apigiwe.

Liko pia la nauli. Mkutano mkuu wa usharika hupitisha bajeti ya viti, vipaza sauti, sare za kwaya na chakula cha wageni wa jimbo. Mzee anayekwenda kuona wagonjwa watatu kwa bodaboda hutoa mfukoni mwake, na akifika kwa mgonjwa asiye na dawa hutoa tena. Matokeo yake uzee wa kanisa unabaki kazi ya wenye uwezo, na wale waliotajwa hapo juu, mpangaji, dada wa kazi, mlinzi, hawawezi kuukubali hata wakichaguliwa. Bajeti ijayo iwe na mafungu mawili mapya: nauli ya ziara za wazee, na mfuko wa dharura wa udiakonia ambao mzee wa mtaa anaweza kuuchukulia fedha kidogo za dawa au unga siku hiyohiyo, akaleta maelezo baadaye, bila kusubiri kikao cha mwisho wa mwezi. Mjumbe atakayeuliza fedha hizo zitatoka wapi aelekezwe kwenye fungu la chakula cha wageni, ambalo kwa sharika nyingi linaweza kupunguzwa nusu na wageni wasijue.